Jinsi ya kuchagua betri ya mtumbwi wa dagaa Ziwa Victoria

Kazi ya dagaa inakwenda na mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka kila jioni Igombe, Kayenze, Ukerewe na Ukara, taa zinawaka mpaka alfajiri, dagaa wanafuata mwanga na nyavu zinavutwa. Mbalamwezi ikiingia, taa hazina nguvu tena mbele ya mwezi, na kazi inasimama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo betri ya mvuvi wa dagaa inapimwa kwa mambo mawili: kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa kumi mfululizo, usiku baada ya usiku, halafu kukaa bila kazi pasipo kuharibika. Muuzaji atakuuliza unataka ampea ngapi. Ni nadra akuulize betri yako inakaaje wakati wa mbalamwezi, na betri nyingi zinafia hapo, zikiwa zimeegeshwa kambini, wala si ziwani.

Enzi za karabai shida hii haikuwepo. Ulinunua mafuta ya taa, ukapiga pampu, ukaondoka. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na karabai ikawa mzigo mzito kwa tajiri wa mtumbwi, yaani mmiliki wake. Taa za LED zikaingia na betri zake. Gharama ya kila usiku imepungua, lakini sasa hasara inakuja kwa mkupuo mmoja: betri uliyotegemea idumu miaka mitatu inakufa baada ya miezi minane. Mwongozo huu ni wa kuzuia hasara hiyo.

Hatua ya 1: Tambua kazi ya betri kabla ya kuuliza bei

Mitumbwi mingi ya Mwanza inatumia injini ndogo za kuvuta kamba. Injini ya namna hiyo haihitaji betri ili iwake. Kama injini yako ni kubwa na inawashwa kwa swichi, inahitaji betri yake peke yake, ile ya kuwashia, na isiguswe na taa. Ukiunganisha taa kwenye betri ya injini, kuna asubuhi utageuza swichi mbele ya Ukara na injini isiitike.

Betri ya kuwashia na betri ya taa ni vitu viwili tofauti hata kama kwa nje zinafanana. Ya kuwashia, pamoja na hizi za magari zinazoitwa N70 au N100 na zile za bodaboda, ndani ina mabamba membamba mengi. Imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha injini iirudishie. Ukiimaliza kila usiku kwa taa, mabamba yanamomonyoka upesi. Betri ya sola ina mabamba manene. Haitoi umeme wa ghafla kama ile, lakini inavumilia kushushwa na kujazwa mara nyingi. Kwa taa unataka hii ya pili. Nimeona matajiri wenye akili nzuri ya biashara wakinunua betri za bodaboda kwa wingi kwa sababu ni rahisi na zinapatikana kila mwalo, halafu wanazinunua tena, na tena. Urahisi huo ni wa siku ya kununua tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya usiku mmoja

Hesabu hii ifanye mwenyewe kwenye karatasi, usimwachie muuzaji. Chukua wati za taa, gawanya kwa 12, zidisha kwa saa ambazo taa inawaka. Jibu ni ampea-saa, zile zinazoandikwa Ah kwenye betri.

Tuseme kila taa yako inaelea kwenye chelezo chake na betri yake ndogo. Taa ni ya wati 5. Tano gawanya kwa 12 ni kama 0.42. Kwa saa 10 inakuwa 4.2Ah. Sasa, betri ya asidi, iwe ya maji au kavu, haitakiwi kushushwa zaidi ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo 4.2 mara mbili ni 8.4Ah. Betri ya 7Ah, ambayo ndiyo imezoeleka, kwa taa hii inashushwa asilimia 60 kila usiku. Itafanya kazi, lakini haitaishi sana. Ya 9Ah inatosha kwa shida. Ya 12Ah ndiyo ningenunua mimi, kwa sababu betri ikizeeka uwezo wake unapungua na wewe bado unataka saa kumi.

Kama taa zote zinatoka kwenye betri moja kubwa mtumbwini, hesabu ni ileile. Taa nne za wati 10 ni wati 40, sawa na ampea 3.3. Kwa saa 10 ni 33Ah. Ongeza 3Ah za kuchaji simu na taa ndogo ya kuonekana na wengine, unapata 36Ah. Kwa betri ya asidi zidisha mara mbili, 72Ah, weka akiba ya uzee kidogo, na utaishia kwenye 100Ah. Kwa litiamu, inayoruhusu kutumiwa asilimia 80 bila madhara makubwa, 36 gawanya kwa 0.8 ni 45Ah. Betri ya 50Ah inakutosha.

Kabla hujaongeza wati za taa kwa kuona jirani ameongeza, muulize afisa uvuvi wa eneo lako au viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, taa zipi zinaruhusiwa. Ukubwa wa betri unafuata taa, na taa ikikamatwa, betri uliyoinunulia imekosa kazi.

Hatua ya 3: Chagua kati ya ya maji, kavu na litiamu

Betri ya maji ni ya bei nafuu na kila fundi anaijua. Unaweza kufungua vifuniko, ukapima asidi ya kila chumba, ukaongeza maji ya betri. Ukiwa na kituo cha kuchajia nchi kavu, ni betri nzuri kabisa ikae hapo. Mtumbwini inaleta shida: mawimbi yanaitikisa, asidi inamwagika, inakula mbao, kamba, nyavu na ngozi ya watu. Kwenye chelezo haifai hata kidogo.

Betri kavu nayo ina asidi, ila imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo au imegandishwa kama jeli. Haimwagiki ikiinama. Haihitaji kuongezwa maji. Kwa chelezo, hii ndiyo chaguo la chini kabisa ninaloweza kulipendekeza. Udhaifu wake ni kwamba ukiichaji kwa volti nyingi kupita kiasi, inapoteza maji yake na huna pa kuyarudishia.

Litiamu ina majina mengi, na hapa lazima uwe mkali. Unayoitaka ni ya fosfeti ya chuma, ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Ya 12V ina seli nne za volti 3.2, jumla 12.8V. Uzito wake ni chini ya nusu ya betri ya asidi yenye uwezo uleule: 100Ah ya asidi ina kilo 25 hadi 30, ya litiamu ina kilo 10 hadi 13. Ikitengenezwa vizuri inajazwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi, wakati ya asidi ya sola iliyotunzwa huchoka baada ya mara mia kadhaa. Ndani ina saketi ya ulinzi inayokata umeme ikizidiwa au ikiisha.

Lakini sababu kubwa inayonifanya niegemee litiamu kwa kazi ya dagaa ni saa za mchana. Mtumbwi unarudi asubuhi, dagaa wanaanikwa, na jioni unatoka tena. Jua kali la kuchaji ni kama saa tano au sita. Betri ya asidi inapokea haraka mwanzoni, halafu ile sehemu ya mwisho, asilimia 20 hivi, inaingia polepole mno. Kujaa kabisa huchukua saa 8 hadi 12. Maana yake betri ya asidi inaondoka kila jioni ikiwa haijajaa. Siku ya kwanza huoni. Baada ya wiki mbili za giza mabamba yameanza kushika chumvi ngumu ya salfati, na uwezo uliopotea hivyo haurudi wote. Litiamu inapokea umeme kwa kasi mpaka karibu na mwisho, na kutojaa hakuiumizi.

Kuhusu bei, usilinganishe bei ya dukani. Gawanya bei kwa idadi ya usiku itakaokufanyia kazi. Mwezi mmoja una takriban usiku 20 wa kazi, mwaka usiku 240. Betri ya asidi inayovumilia kujazwa mara 400 inaisha kabla ya miaka miwili kutimia. Ya litiamu ya mara 2,000 inapita miaka minane kwa hesabu. Hata ukiikata nusu kwa ajili ya misukosuko ya ziwani, bado ni minne. Weka bei ulizopewa hapo uone mwenyewe. Kama pesa haitoshi, afadhali betri kavu za ukubwa sahihi kuliko litiamu ndogo inayozimika saa nane usiku.

Kitu kimoja usikubali: betri za litiamu za kufungwa mtaani kwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu. Seli hizo si za fosfeti, zikipata hitilafu zinawaka moto mkali, na mtumbwini una petroli.

Hatua ya 4: Dukani, pima kwa mikono yako

Nenda na mita ya volti, na kama unaweza, taa ya mbele ya gari ya wati 55. Mita za bei ndogo zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Mwanza, na tajiri mwenye mitumbwi miwili hana sababu ya kukosa moja.

Anza na uzito. Betri kavu ya 12V 7Ah ya kweli ina kilo mbili au zaidi kidogo. Ikiandikwa 12Ah halafu mkononi ni nyepesi kama ile ya 7Ah, lebo inadanganya. Mabamba ya betri ya asidi ni ya risasi, ile metali nzito, na risasi haina njia ya mkato: ampea nyingi ni risasi nyingi, na risasi ni nzito. Kwa betri kubwa omba mzani. Duka linalouza betri za kweli halitakukatalia.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Mara nyingi imegongwa kwenye plastiki au kwenye stika, kwa tarakimu au herufi. Wengi hutumia herufi A hadi L kwa miezi na tarakimu kwa mwaka, lakini kila kiwanda kina utaratibu wake, kwa hiyo mwambie muuzaji akusomee na umuulize anajuaje. Betri ya asidi iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, kwa joto letu, imeshaanza kuharibika ikiwa mpya.

Kisha mita. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia inasoma 12.6V hadi 12.8V. Chini ya 12.4V, mwambie, "Kaka, hii imekaa, nipe nyingine." Usikubali jibu kwamba itapanda ukiichaji, kupanda itapanda, uwezo ni jambo jingine. Unganisha ile taa ya gari, subiri dakika chache, tazama mita. Betri kubwa nzuri inashuka kidogo na kutulia juu ya 12V. Ikiendelea kuporomoka, iache. Jaribio hili la taa ya gari ni la betri kubwa. Kwa ndogo za chelezo tumia taa yako mwenyewe.

Volti za litiamu hazikuambii mengi. Kati ya asilimia 90 na 30 zinabadilika kidogo tu, kama 13.3V hadi 13.0V. Hapo angalia uzito, lebo inayotaja LiFePO4 waziwazi, na uthibitisho kwamba boksi linazuia maji, kiwango cha IP67 au zaidi kama betri itakaa kwenye chelezo. Seli bandia au zilizotumika zinafichwa ndani ya boksi zuri. Dawa yake ni jaribio la hatua inayofuata.

Dai risiti ya EFD yenye jina la betri, ukubwa na tarehe, na waranti iliyoandikwa. Uliza waranti inasemaje kuhusu matumizi ya kila usiku. Waranti ya "miezi 12" isiyo na mhuri wala masharti ni maneno tu. Bidhaa bandia inaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, na masuala ya viwango ni ya TBS. Lakini bila risiti huna la kupeleka.

Hatua ya 5: Ijaribu nchi kavu kabla haijaenda ziwani

Wengi wanaruka hatua hii, nami naiona kuwa ya maana kuliko zote. Ichaji mpaka ijae. Washa mzigo unaoujua na uangalie saa.

Betri ya asidi ya 100Ah: taa ya gari ya wati 55 hadi 60 inakula takriban ampea 5. Iwashe saa 10, umetumia kama 50Ah, yaani nusu. Zima, iache saa mbili au tatu itulie, pima. Inatakiwa isome karibu 12.1V hadi 12.2V. Ikisoma 11.8V, hiyo si betri ya 100Ah.

Ndogo ya 7Ah: taa ya wati 5 kwa saa 8 inatumia kama 3.3Ah, karibu nusu. Kipimo ni kilekile.

Litiamu ya 50Ah: taa hiyohiyo ya gari inatakiwa iwake karibu saa 10 mpaka betri ijikate yenyewe. Ikizimika baada ya saa 6, umeuziwa 30Ah kwa jina la 50Ah. Rudi dukani kesho yake, na risiti mkononi.

Kama umenunua betri kumi za vyelezo, jaribu zote. Katika kumi haikosekani moja dhaifu, na ukiigundua baada ya mwezi utabishana sana.

Hatua ya 6: Kuifunga mtumbwini

Betri kubwa ikae chini, katikati, ndani ya boksi lenye mfuniko, imefungwa kwa mkanda kiasi kwamba mtumbwi ukilala upande haisogei. Kilo 30 zinazohama ghafla wakati wa dhoruba zinaweza kupindua watu. Iwe mbali na tangi la petroli.

Fyuzi ni lazima, karibu na kichwa cha chanya, isizidi sentimita 20. Kwa taa za wati 40 fyuzi ya ampea 10 inatosha. Bila fyuzi, waya ukichubuka kwenye msumari unakuwa chanzo cha moto katikati ya maji.

Nyaya nyembamba zinakula mwanga. Waya wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukibeba ampea 5 unapoteza zaidi ya nusu volti njiani. Wa milimita 4 unapoteza kama 0.2V. Vichwa vya betri vipakwe grisi, viungo vifungwe kwa vifungo vya kubana badala ya kusokotwa kwa mkono na kuvikwa utepe.

Usiunganishe betri mpya na ya zamani, wala za aina mbili tofauti. Ile dhaifu itaimaliza nzuri.

Na tochi ya usalama iwe na betri yake, simu nayo iwe imejaa kabla ya kuondoka, ndani ya mfuko usioingiza maji. Litiamu haififii kwanza kama ya asidi. Inajikata mara moja na giza linakuwa totoro. Mtu asitegemee betri ya dagaa kumwita mwokoaji.

Hatua ya 7: Kuchaji, na siku za mbalamwezi

Chaji inayofaa betri ya asidi ni asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake. Ya 7Ah inataka ampea 0.7 hadi 1.4. Wachajishaji wa mialoni wanaopanga betri ndogo kwenye chaja kubwa ya gari wanazipika. Ukishika betri na mkono haukai, imezidiwa. Kwa asidi, chaja ifike takriban 14.4V, jeli kama 14.1V, LiFePO4 14.2V hadi 14.6V. Kidhibiti cha sola kiwekwe kwenye aina sahihi ya betri, na litiamu isichajiwe kwa chaja yenye mpango wa kusafisha salfati.

Paneli ya wati 100, kwa siku nzuri ya Mwanza, inakupa kama wati-saa 350 baada ya upotevu. Zile 36Ah zetu ni wati-saa 432. Kwa hiyo paneli ya wati 150 kwa litiamu, 200 kwa asidi, na siku za masika na vuli uwe na njia ya pili ya kuchaji.

Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche. Isichajiwe kwenye kibanda cha mabati ambamo watu wanalala au wanapika. Maji yanayoongezwa ni maji ya betri, kamwe si ya ziwa, na asidi haiongezwi.

Sasa mbalamwezi. Usiku wa mwisho wa giza ukiisha, betri zote za asidi zijazwe kabisa siku hiyohiyo na ya pili yake, saa 12 au zaidi, kabla vijana hawajatawanyika kwenda makwao. Hizi siku za mapumziko ndizo pekee ambazo betri ya asidi inapata nafasi ya kujaa kikamilifu. Zikae mahali pa kivuli, nyaya zimechomolewa. Siku moja kabla ya giza kurudi, pima kila moja; iliyoshuka chini ya 12.4V bila kutumika, iwekee alama. Litiamu ikae na chaji ya nusu au zaidi, mbali na jua, isikae tupu.

Mpe mtu mmoja kazi hii kwa jina lake, na daftari la namba za betri. Betri za kambi nzima zisizo na mwenyewe hazichajiwi na mtu.

Hatua ya 8: Betri iliyochoka

Betri ya asidi isiyoweza tena kumaliza nusu ya usiku uliozoea, ibadilishe. Iuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, na asidi yake ndani. Usiimwage ziwani wala ufukweni. Na mtu asiyeyushe risasi yake jikoni ili apate vizito vya nyavu: moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto wa kambini ndio wanaoumia zaidi. Litiamu iliyovimba au kupata joto bila kutumika iondoe mtumbwini siku hiyohiyo, iweke mahali pa wazi mbali na nyumba, kisha muulize aliyekuuzia kama anazipokea.